Miguu ya cherehani ya bibi imebaki: juu uweke mbao gani?

Koo nyingi zina moja. Kichwa cha cherehani kiliuzwa au kilikwama siku nyingi, ubao wake ukaliwa na mchwa, ikabaki ile miguu myeusi ya chuma yenye mapambo ya kujikunjakunja, kanyagio lake chini na jina la Singer katikati. Hakuna mwenye moyo wa kuipeleka kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Mwishowe mtu mmoja nyumbani anasema, "Hii si tuigeuze meza?" Hapo ndipo mabishano ya mbao yanapoanza.

Yangu ilikuwa ya bibi, Tanga. Niliagiza uso wa mtiki, mbao nne zilizounganishwa, ukafungwa juu ya miguu kwa skrubu sita zilizokazwa mpaka mwisho. Ulipendeza kweli. Nikahamia Dodoma nao mwezi wa sita, na ilipofika Oktoba ukapasuka kutoka ncha hadi ncha, usiku, kwa mlio uliomwamsha mtoto. Fundi niliyemwita akainama, akatazama chini ya meza, akacheka. "Dada, chuma hakinywei. Mbao inanywea. Umevifunga pamoja kama ng'ombe na punda, ulitegemea nini?"

Tangu siku hiyo nimesaidia ndugu na majirani kadhaa kuchagua mbao za kuweka juu ya miguu kama hiyo, na nimegundua swali la "mti upi ni bora" halifiki mbali. La maana zaidi ni mbao hiyo itacheza kiasi gani juu ya chuma kisichocheza, na nani atakaa mezani.

Vigezo kwanza

Nitalinganisha njia nne: mbao ngumu za kuunganisha (mninga, mkongo au mtiki), kipande kimoja cha gogo la mwembe, mbao kuukuu zilizowahi kutumika, na plaiwudi yenye vinia, yaani ngozi nyembamba ya mbao nzuri iliyobandikwa juu. Kila moja nitaiuliza maswali yaleyale.

La kwanza ni mchezo wa mbao. Mbao haibadiliki urefu kwa kiasi cha kukusumbua, ila upana wake hupanuka masika na kunywea kiangazi. Pwani, mbao iliyotulia ndani ya nyumba hubaki na maji ya asilimia 14 hivi, na bara pakavu kama Dodoma inaweza kushuka chini ya 10. Kwa uso wenye upana wa sentimita 50, tofauti hiyo ni milimita 2 hadi 4. Unaweza kuziona chache, lakini skrubu haijui kusamehe milimita 3.

La pili ni uzito. Miguu hii ilitengenezwa kubeba kichwa kizito katikati na ubao mwembamba pembeni. Ukiizidishia upana, mtoto akiegemea ukingoni meza inapinduka. Mimi sipitishi sentimita 15 nje ya chuma kwa mbele na nyuma, na 25 kwa kila upande wa kulia na kushoto.

Maswali mengine matatu ni kazi na zana zinazohitajika, maji na matunzo, na mfuko. Sura siiwekei kichwa chake, macho yako yana hiari.

Kipimo kimoja kinahusu njia zote. Pima kutoka sakafuni hadi juu ya chuma. Meza ya kulia au ya kuandikia huwa na kimo cha sentimita 73 hadi 76, kwa hiyo kinachobaki kati ya chuma na kimo hicho ndicho kinachokuambia ubao uwe mnene kiasi gani. Wengi hukikumbuka kipimo hiki wakati magoti tayari yanagonga.

Mbao ngumu za kuunganisha

Hii ndiyo njia ambayo karibu kila fundi wa fenicha atakupendekezea, kuanzia Keko ya Dar es Salaam hadi Gikomba ya Nairobi. Unachukua mbao nne za inchi moja kwa sita, zinapigwa randa, kingo zinanyooshwa, zinapakwa gundi nyeupe na kubanwa kwa klempu usiku kucha.

*Mchezo.* Hapa miti inatofautiana, na tofauti ina faida kuijua. Mninga ni mpole kupita kiasi, hunywea kidogo kuliko mbao ngumu nyingi ninazozijua, na ndiyo maana mafundi wa zamani waliutumia kwa makabati bila hofu. Mkongo, ambao pwani ya Kenya wanauita mbambakofi, nao ni mtulivu ila mgumu. Mtiki ukikauka sawasawa ni mzuri sana. Wangu haukuwa umekauka, ulipasuliwa miezi michache tu kabla, na hilo nililijua baadaye. Kanuni ya mafundi ni mwaka mmoja wa kivulini kwa kila inchi ya unene, na mwenye haraka hulipa Oktoba.

*Uzito.* Uso wa sentimita 100 kwa 50 wenye unene wa 2.5 ni kama kilo 8 ukiwa wa mninga, na kama 10 ukiwa wa mkongo. Miguu inaubeba bila kulalamika.

*Kazi.* Inahitaji klempu tatu, mbili chini na moja juu ili uso usijikunje kama kigae. Inahitaji pia mashine ya randa au mikono yenye subira. Kwa mtiki futa kingo kwa thina dakika chache kabla ya gundi, kwa sababu una mafuta yake ya asili yanayoifanya gundi iteleze. Ukitumia mvule badala ya hizi, vaa kitambaa puani. Vumbi lake huwasha, na ndani yake wakati mwingine mna mawe madogo yanayokula meno ya msumeno.

*Maji na matunzo.* Ikichubuka unapiga msasa, unapaka tena. Uso wa aina hii unaweza kufufuliwa mara nyingi kuliko umri wako. Ukipaka mafuta ya kitani, yale matambara usiyakunje na kuyatupa pembeni. Yanajipasha moto yenyewe na yanaweza kuwaka. Yatandaze nje yakauke moja moja.

*Mfuko.* Si rahisi. Mninga halali, wenye kibali cha kusafirishwa, umepanda bei kwa sababu miti mikubwa imebaki mbali. Muulize muuzaji karatasi. Mwenye nazo hakasiriki.

*Inamfaa nani.* Mtu anayetaka meza moja ya miaka mingi, na ana fundi anayemwamini au ana muda wa kujifunza kuunganisha.

Kipande kimoja cha gogo la mwembe

Huu ndio mtindo wa mitandaoni: ubao mmoja mpana, ukingo umeachwa kama mti ulivyoota, na rangi za kahawia, kijivu na mistari myeusi ambayo fangasi wameichora kabla mti haujakauka. Mwembe unafaa kwa sababu upo. Mti mkongwe uliochoka kuzaa unakatwa uani kwa mtu, na mwenye msumeno wa mnyororo anaupasua hapohapo.

*Mchezo.* Hapa ndipo penye matatizo. Ubao mpana uliokatwa kwenye gogo hujikunja kwa upana, na ukiwa mnene sentimita 5 utahitaji kama miaka miwili kivulini, ncha zake zikiwa zimepakwa rangi ili zisikauke haraka kuliko tumbo. Nyufa zitakuja. Wengine huzijaza epoksi, gundi ya maji inayoganda ngumu, wengine huchonga kipande cha mbao chenye umbo la kipepeo na kukifungia ufa usiendelee. Mimi napenda kipepeo. Epoksi nyingi hufanya meza ifanane na peremende.

*Uzito.* Sentimita 120 kwa 60 kwa 5 ni zaidi ya kilo 20. Juu ya miguu myembamba ya cherehani hiyo ni sawa na kumbebesha mtoto gunia la mchele: atasimama, lakini usimsukume. Ukiupenda mwembe, upunguze hadi unene wa 3.5 na upana wa 50.

*Kazi.* Kuunganisha hakuna, lakini kusawazisha uso mpana kwa mkono ni kazi ya siku mbili. Mwembe pia hupendwa na dudu wanaotoboa. Utaona unga mweupe chini ya meza asubuhi. Paka dawa ya boraksi mbao ikiwa ingali mbichi, usingoje uone unga. Na utomvu wake huwasha ngozi za watu wengine, kwa hiyo vaa glavu wakati wa kupasua.

*Maji na matunzo.* Mwembe unanyonya, kwa hiyo kabla ya vanishi paka sila, ile ya kuziba vitundu vya mbao, mara mbili. Hauvumilii nje. Barazani unapopigwa na mvua utaoza kuanzia chini, pale usipotazama.

*Mfuko.* Mbao yenyewe inaweza kuwa rahisi, hata bure ukiwa na mjomba mwenye shamba. Gharama imo katika kungoja na katika msasa.

*Inamfaa nani.* Mwenye subira, mwenye mti wenye hadithi, na mwenye sebule ambapo meza itatazamwa zaidi ya kutumiwa. Haimfai anayetaka meza kabla ya Idi.

Mbao kuukuu

Miguu ya kale na mbao ya kale zinapatana bila kulazimishwa. Mbao za paa lililobomolewa, vitanda vya zamani, makabati yaliyovunjika, na kwa watu wa pwani mbao za dau lililopandishwa ufukweni halirudi tena baharini.

*Mchezo.* Huu ndio ushindi wake mkubwa. Mbao iliyokaa juu ya nyumba miaka 50 imeshanywea ilivyotaka kunywea. Bado itapumua na misimu, lakini mshtuko wa mwaka wa kwanza haupo. Ilete ndani ya nyumba wiki kadhaa kabla ya kuikata, ndipo uikate.

*Uzito.* Kama mbao ngumu za kawaida. Mbao za dau huwa nene, na utazipunguza randani.

*Kazi.* Hapa usiamini macho, amini sumaku. Ipitishe kila sehemu, ng'oa misumari yote, halafu ipitishe tena. Wenye mashine za randa wengine hukataa kabisa mbao kuukuu, na wana haki, msumari mmoja unaharibu visu vyao vyote. Mbao za dau zina balaa la pili: zimepakwa sifa kwa miaka. Mafuta hayo ya papa huingia ndani, gundi haishiki na harufu hukaa. Ondoa milimita chache juu, na badala ya kutegemea gundi peke yake unganisha kwa ulimi na mfereji au kwa vigingi. Rangi ya zamani usiipige msasa mkavu, huenda ina risasi. Ilainishe kwa maji au kwa dawa ya kubandulia rangi, na watoto wawe mbali.

*Maji na matunzo.* Alama nyeusi za misumari hazitoki kwa msasa, na mimi naziacha. Mashimo ni tatizo kwa meza ya chakula kwa sababu makombo ya chapati hujaa humo. Yajaze nta ngumu au epoksi kidogo.

*Mfuko.* Haieleweki. Unaweza kupewa bure na jirani anayebomoa jiko, au ukaombwa bei ya mninga mpya na muuzaji aliyeshtuka kwamba watalii wanazipenda.

Neno moja kuhusu milango. Mlango wenye nakshi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar au wa Lamu usiukate uwe meza hata ukiupata kwa bei ya kutupwa. Miji hiyo iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000 na 2001, na milango ni nusu ya sababu ya kuitazama. Na boriti za mikoko, zilizobeba dari za nyumba hizo, ni nguzo za duara. Hazitoi ubao.

*Inamfaa nani.* Mwenye jicho la kuokota na asiyehesabu saa zake.

Plaiwudi yenye vinia

Watu wengi hukunja uso hapa. "Plaiwudi juu ya Singer ya bibi?" Lakini kampuni ya Singer yenyewe ilifanya kazi hiyo. Vichwa na vyuma vilitoka viwandani kama kile cha Kilbowie, Clydebank, huko Scotland, na kiwanda chake cha meza huko South Bend, Indiana, kilikuwa hodari wa tabaka za mbao zilizobandikwa pamoja na kufunikwa vinia nzuri juu. Ukichunguza ukingo wa ubao wa asili uliopona mchwa utaona tabaka hizo. Anayekuambia plaiwudi si ya asili hajawahi kuugeuza ubao huo.

*Mchezo.* Karibu hakuna. Tabaka zimelazwa kwa kupishana, moja inaizuia nyingine. Hii ndiyo njia pekee kati ya hizi nne ambapo skrubu zinaweza kukazwa moja kwa moja kwenye chuma bila adhabu.

*Uzito.* Milimita 18 kwa ukubwa uleule wa 100 kwa 50 ni kama kilo 5. Meza inahamishika na mtu mmoja, ingawa chuma kitamkumbusha kiuno.

*Kazi.* Kata, bandika ukanda wa mbao ngumu wa sentimita 2 kuzunguka kingo, piga msasa wa namba 180 kwa upole, paka vanishi. Jioni mbili. Upole nimeusema makusudi, maana vinia ni nyembamba kuliko kucha na ukiipitisha msasa wa umeme kwa hasira utaiona mbao ya chini ikikuchungulia. Haina kurudi nyuma.

*Maji na matunzo.* Chagua plaiwudi ya marini, kwa kuwa gundi yake inastahimili unyevu. MDF, ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa, usiiguse kwa meza itakayoona maji, ikinywa huvimba na haishuki. Mkwaruzo wa kina hautibiki. Sufuria ya moto huinua vinia.

*Mfuko.* Ya chini zaidi kati ya nne kama unanunua dukani, hasa ukipata kipande kilichobaki kwa fundi wa makabati.

*Inamfaa nani.* Mpangaji anayehamahama, anayetaka dawati la kompyuta wiki hii, na mtu asiyejua bado atakaa wapi, pwani au bara.

Jinsi ya kuvifunga bila vita

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo nilipoumia. Nyuzi za mbao hukimbia kwa urefu wa meza, kutoka mguu wa kushoto hadi wa kulia. Chuma cha juu cha kila mguu hukimbia kinyume chake, kutoka mbele kwenda nyuma. Maana yake skrubu mbili za mguu mmoja zimesimama kukingama na mbao ambapo ndipo inapotaka kunywea. Moja ikaze, nyingine iache itembee.

Njia rahisi: funga vipande viwili vya chuma bapa juu ya miguu kwa bolti kupitia matundu yaliyopo, halafu kwenye chuma bapa toboa tundu la nyuma la kawaida na la mbele refu kama yai, likielekea mbele na nyuma. Skrubu ya mbele iwe na washa na ikazwe kiasi cha kuzuia mbao isinyanyuke tu. Ya nyuma ikaze barabara. Meza itakuwa inajinyoosha kuelekea kwako, milimita kwa milimita, na hutaona.

Usimruhusu fundi apige nyundo mguu uliopinda. Hiki ni chuma cha kusubu, hakinyooki kwa nyundo, kinavunjika kama sahani. Na mguu uliovunjika hauchomelewi kama geti. Unahitaji vijiti maalum vya nikeli na mtu anayejua kupasha moto taratibu, kwa hiyo bora uufunge bamba na bolti. Kutu itoe kwa brashi ya waya, paka rangi ya kuzuia kutu na juu yake nyeusi isiyong'aa. Kanyagio lifunge kwa waya au bolti kama kuna watoto, vidole vyao hupita pale vizuri mno.

Kwa hali yako

Kama ni meza ya chakula ya watu wanne, angalia kwanza kama miguu inafaa kabisa. Kwa kawaida watu wawili tu huketi kwa raha, kwa sababu kanyagio linachukua nafasi ya miguu yenu. Kwa wawili, mninga wa kuunganisha au mbao kuukuu zilizojazwa mashimo.

Kama ni dawati la kazi, chagua plaiwudi ya marini yenye ukanda wa mninga. Ni tambarare na nyepesi, na nyaya zinapita bila kuharibu urithi wowote.

Kama ni kabati la beseni la bafuni, mtindo unaopendwa sasa, mtiki uliokauka ndio ninaouamini kati ya hizi, au plaiwudi ya marini iliyozibwa kingo zote pamoja na tundu la bomba. Mwembe hapana.

Kama inakwenda barazani, mkongo au mtiki, tena chini ya paa. Chuma chenyewe hakipendi mvua.

Kama ni kumbukumbu ya mtu na umepewa mti aliouotesha mwenyewe, achana na hesabu zangu, chukua mwembe, mpe miaka yake miwili.

Na kama kichwa cha cherehani bado kiko kabatini na kinashona, usifunge chochote kwa kudumu. Weka plaiwudi kwa bolti nne zinazofunguka, na mninga wako uulaze chini ya kitanda, umetengwa kwa vijiti, upite masika moja na kiangazi kimoja ndani ya nyumba ileile utakayoitumia. Mbao zangu mpya ziko huko sasa. Kila nikifagia nazipima kwa rula, na zimeshanywea milimita moja.